Yowe la Makambako

Watu wakiniuliza Oktavia Mlowe ni mtu wa namna gani, nawaambia ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mbebeshaji wa miche ya parachichi hapa Njombe, mke wa Filbert mpasua mbao, na mpenzi wa mabembea. Wakifika kwenye mabembea wanacheka. Wakishacheka naacha kuzungumza nao. Mimi mwenyewe nilikuwa nikicheka hivyo hivyo kwa miaka, tena nikijishika mbavu, na leo sitaki kukisikia kicheko hicho kwa mtu yeyote.

Sisemi bembea la kamba mtini. Nasema mabembea makubwa ya chuma yanayoendeshwa na injini, yanayoletwa Makambako wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, yakasimikwa kwenye uwanja wa wazi ng'ambo ya reli. Kuna farasi wa mbao wanaozunguka, kuna viti vya minyororo, na kuna gurudumu. Watoto wote wa Makambako wanayapenda. Tofauti ya Oktavia ni kwamba wenzake walikua wakayaacha, yeye akakua nayo. Baba yake alikuwa kibarua wa reli, akampandisha gurudumu akiwa na miaka tisa, na mpaka anaolewa, anazaa watoto watatu, anamzika huyo baba, hakuna mwaka mabembea yalikuja akayakosa, isipokuwa ule aliojifungua Stanley siku ya Krismasi yenyewe. Hata mwaka huo alilalamika.

Kitaluni kwetu, kwenye njia ya kwenda Kifanya, tulikuwa tukikaa wanne kwenye benchi moja. Esnath alikaa mwanzoni, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya Kilutheri, mwanamke ambaye akisema jambo limekwisha. Alifuata Angela, mdogo wetu, mwepesi wa machozi, ambaye humwangalia Esnath kwanza ndipo ajue kama anapaswa kucheka. Kisha mimi, kisha Oktavia. Kubebesha ni hivi: tunachukua kikonyo cha parachichi la kisasa, tunakichonga kwa kisu, tunakipachika kwenye shina la mche wa kienyeji, tunafunga kwa nailoni. Ni kazi ya mikono na macho. Mdomo unabaki huru, na sisi midomo tulikuwa nayo.

Saa nne tukinywa chai, Oktavia alikuwa akitoa simu na kutuonyesha. Humo ndani mlikuwa na mabembea ya dunia nzima. Vijigari vinavyopanda juu kuliko mnara wa kanisa, vinageuka, watu vichwa chini miguu juu, mikono wameiachia hewani. Alijua lipi ni la Japani na lipi ni la Marekani. Alijua kwamba ukikaa kiti cha mbele unaona, ukikaa cha nyuma unasikia tumboni, na kwamba mtu anayejua mambo huchagua cha nyuma. Alieleza kwa kirefu mno. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, hakujua mahali pa kukatisha.

"Mama Stanley, hao watu hawana mashamba," Esnath alimwambia siku moja. "Mtu mwenye viazi vilivyozidiwa na magugu hawezi kwenda kugeuzwa kichwa chini kwa hiari yake."

"Wana mashine za kulimia, Mama Manase."

"Basi mashine ziwalimie, na wao watulie."

Tulicheka mpaka Angela akamwaga chai. Oktavia naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kununa. Mwaka mwingine alitutangazia, "Jumamosi twendeni Makambako tukapande," na Angela, aliyekuwa mgeni kazini, akaja Jumamosi na jembe begani na buti za mvua miguuni. Desemba hapa kwetu ni mwezi wa kupanda miti; nani angemlaumu? Ile habari tuliicheka miaka mitatu. Yoeli, msimamizi wetu, kila akimwona Oktavia anajiandaa kuondoka alimuuliza, "Leo unapanda miche mingapi?"

Sasa lazima nieleze jambo la vikapu, kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini alituhitaji. Gurudumu la Makambako lina vikapu kumi na viwili vya chuma, na kila kikapu kinakaa watu wawili. Akikaa mmoja kinalalia upande, kinagonga nguzo. Kwa hiyo Enoki, fundi anayeliendesha, hampandishi mtu aliye peke yake, hata umlipe mara mbili. Kwa miaka mingi Oktavia alipanda na mdogo wake, Emilia. Emilia akaolewa Lupingu, huko chini ziwani, na ukishaolewa Lupingu kuja Makambako kwa ajili ya bembea ni hadithi. Filbert, mumewe, ni mtu mwema lakini anasikia kizunguzungu hata akipanda ngazi kupaka rangi. Alimruhusu mkewe apande atakavyo, ila asimwite yeye. Kwa hiyo Oktavia alikuwa akienda Makambako, anasimama foleni, anawaomba wasichana wasiomjua. "Binti, huna mwenzako? Twende basi." Wengine walikubali. Wengine walimwangalia mama mtu mzima na sweta lake, wakacheka, wakasogea.

Sisi watatu alituomba kila Desemba, na kila Desemba tulimwambia mwakani. Kusema mwakani ni rahisi sana.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Desemba, Enoki alimpigia simu akamweleza kwamba mwenye mali ameuza. Farasi na viti vingeenda kwa mnunuzi mwingine, lakini gurudumu lilikuwa limezeeka, na baada ya Mwaka Mpya lingekatwa vipande liuzwe chuma chakavu.

"Kwani chuma kilicholala ardhini kule Liganga kimekwisha?" Esnath aliuliza, na Angela akacheka.

Oktavia hakucheka. Aliweka kisu chini, akatugeukia benchi zima. Alisema, "Sijawahi kuwaomba kitu kizito. Nimewasindikiza kwenye misiba yenu, nimepika kwenye harusi zenu. Naomba siku moja. Siombi mlipende. Ila kila mwaka nikishateremka sina mtu wa kuongea naye. Nikiwasimulia mnaniangalia kama mgonjwa. Likishakatwa, nani atajua nilikuwa nasema nini? Nataka mtu mmoja tu wa hapa apande na mimi, ajue."

Mtu akiomba namna ile unaona aibu kwa niaba yake. Esnath ndiye aliyesema haya, tutakwenda, na kwa kuwa alisema yeye, tulikwenda.

Wiki nzima iliyofuata Oktavia alitufundisha. Tuvae suruali ndani ya sketi. Tusile viazi vingi asubuhi. Tusifumbe macho, maana ukifumba unaumwa kichwa. "Na mkifika juu, kabla halijaanza kushuka, achieni yowe. Ukilibana linakukaa tumboni. Raha yenyewe iko kwenye yowe."

Esnath akaacha kufunga nailoni. "Yowe la nini? Kafa nani?"

Hakuwa anatania. Kwetu mwanamke hapigi yowe ovyo. Yowe ni la msiba, la moto au la mwizi. Mtoto wa kike akilipiga mchezoni anachapwa. Mimi nilichapwa na shangazi mpaka leo nakumbuka fimbo ilikuwa ya mti gani. Na anayelisikia haulizi kwanza. Anaacha jembe, anajifunga kitenge kiunoni, anapokea yowe kwa yowe, anakimbilia lilikotoka. Wa mlimani wanalisikia la bondeni wanalipeleka mbele, na kabla ugali haujaiva watu wameshajaa uani kwa mwenye msiba.

"Kule kila mtu anapiga," Oktavia alisema. "Hakuna anayekimbia."

"Sisi hatutapiga," Esnath akasema, na jambo likaisha.

Tuliondoka Jumamosi iliyofuata Krismasi, baada ya sala fupi aliyoiongoza Esnath, ambayo ilitaja ajali mara nne. Makambako ilikuwa imenyeshewa, uwanja matope, spika zinapiga miziki mitatu tofauti kwa wakati mmoja. Kina mama waliokuwa wakiuza maandazi, machungwa na mahindi ya kuchoma, wengi wao walikuwa watu wa uwanda wetu huu huu, wanaosalimia "kamwene" kabla hujauliza bei. Gurudumu lilikuwa limebanduka rangi. Kusema kweli lilinishangaza udogo wake. Kwa jinsi lilivyosimuliwa nilitegemea kitu cha kufika mawinguni. Oktavia alilishika nguzo kwa kiganja, akatugeukia na uso ambao sijui niueleze vipi. Alikuwa anatuonyesha nyumbani kwao.

"Haya," akasema. "Nani anaanza?"

Esnath akasema ana presha. Tumefanya naye kazi miaka tisa na ile ilikuwa mara ya kwanza kusikia presha yake. Angela akamwangalia Esnath, akasema na yeye tumbo halijakaa sawa, atatupiga picha. Esnath akakusanya simu zetu, ila ya Angela ya kupigia picha, kwenye pochi yake ili zisidondoke. Nikabaki mimi. Oktavia hakunisihi. Alinyoosha mkono tu, na mimi, kwa kuwa watu wa foleni walikuwa wananitazama, nikaushika.

Enoki akafunga chuma mbele ya mapaja yetu. "Mama, leo nakupa mizunguko kumi," akamwambia Oktavia. "Ya kuagana."

Mzunguko wa kwanza nilifumba macho, ingawa nilikatazwa. Wa pili nikayafumbua. Lile gurudumu lilikuwa dogo lakini lilikwenda kasi kuliko nilivyodhani. Injini ya dizeli inavuta, unanyanyuliwa kinyumenyume, mara umefika juu na hakuna kitu mbele yako. Niliona mabehewa kwenye reli, niliona barabara ya Njombe inavyoachana na ya Mbeya, na chini kabisa kilemba cha bluu cha Esnath. Kisha tukaangushwa. Oktavia aliachia yowe lake jembamba lenye kicheko ndani, na kweli, hakuna aliyegeuka. Wasichana wa kikapu cha nyuma yetu walikuwa wakipiga vile vile.

Wa tatu nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilikuwa nimecheka bila mtu kuchekwa. Nilikuwa na furaha, furaha nzima, mimi mwenye watoto sita na mgongo mbovu. Oktavia aliniona. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Sasa, Lidia. Tukifika juu. Liachie."

Mzunguko wa nne, tulipoanza kushuka, nikaliachia.

Koo langu halikuwahi kufundishwa yowe la raha. Linajua moja tu, lile la kwetu, linaloanza juu, likavutwa mpaka pumzi iishe, likakatika, likaanza tena. Nililipiga mara ya mwisho siku mama yangu alipokata roho. Ndilo lililotoka, nami nilikuwa nikitabasamu.

"Ndiyo!" Oktavia alipaza sauti. "Ndiyo, Lidia!"

Chini, Esnath alilisikia, na Esnath amelelewa kama mimi. Alijifunga kitenge kiunoni akalipokea. Sauti ya kwanza ya kwaya, inayofika bila spika. Angela akadakia. Muuza maandazi akadakia, muuza machungwa akaacha machungwa, na kutoka pande zote za uwanja wanawake wa kwetu wakaja mbio wakilipokea na kulipeleka mbele, kila mmoja akiamini aliyemtangulia ndiye anayejua aliyekufa. Wanaume wakaja nyuma yao. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba bembea limeua. Mwingine akachomoa mpira wa mafuta wa injini. Gurudumu likazunguka kidogo kwa uzito wake, likasimama, na sisi tukabaki juu kabisa tunaning'inia.

Oktavia alichungulia. Aliona umati, akaona wanawake mikono kichwani, na uso wake ukabadilika. "Kafa nani?" akaniuliza. "Lidia, kafa nani huko chini?"

Nikamwambia sijui.

Walituteremsha kwa kulisukuma gurudumu kwa mikono, kazi ya karibu saa nzima. Tulipofika chini, maandazi yalikuwa yamekanyagwa kwenye matope, mtoto mmoja alikuwa amepotea na kuonekana, na mgambo walishafunga uwanja. Pochi ya Esnath yenye simu zetu ilikuwa imekwenda na msongamano. Enoki alisimama pembeni na mpira wa mafuta mkononi. "Mama, nilikuahidi kumi," akasema, kama vile yeye ndiye mwenye kosa. Lilizunguka mara nne na halikuzunguka tena. Oktavia alilitazama lile gurudumu kwa muda, kisha akamuuliza Angela kama ameumia mahali.

Ambacho Angela hakutuambia ni kwamba, katikati ya zile mbio, alikuwa ametuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la kitalu. Simu yake ilizima chaji papo hapo, naye akajipa moyo kwamba haikwenda. Ilikwenda. Niliisikia baadaye, na wewe pia ungeamini. "Jamani... Mama Stanley... Mama Stanley ndo basi tena, jamani..." halafu kilio. Kabla hatujapata gari la kurudi, picha ya Oktavia, ile ya sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ilikuwa imeshazunguka Njombe nzima ikiwa na mshumaa pembeni.

Njiani tulipishana na pikapu iliyokuwa ikikimbia kuelekea Makambako. Baadaye tuliambiwa Filbert alikuwa ndani yake. Alikuwa anakwenda kuchukua mwili.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Benchi za kanisa zilikuwa zimeshatolewa uani, moto umewashwa, wanawake wako ndani wanalia. Mzee Xaveri, baba mkubwa wa Filbert, alikuwa amewaonyesha vijana mahali pa kuchimba, na shimo lilikuwa limefika magotini. Oktavia aliingia kwenye msiba wake mwenyewe na sweta lenye matope. Walioanza kumwona walikimbia. Wengine walimkumbatia. Wengine, na hawa niliwaona vizuri, walikasirika, kama watu waliodanganywa.

Alitazama shimo akasema, "Nileteeni mche basi, lisiende bure." Alicheka peke yake.

Halafu aliambiwa habari ya mama yake. Bibi kizee alikuwa jikoni habari ilipofika, alianguka kwenye mafiga, mkono wa kulia ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Oktavia aliacha kucheka. Alikwenda kumwona hospitali, akarudi, akakuta watu bado wamekaa. Kwetu mtu aliyekuja msibani haachwi aondoke bila kula. Kwa hiyo alijifunga kitenge akasonga ugali, akawalisha waliokuja kumlilia. Esnath alikula. Mimi pia nilikula. Angela pekee alishindwa, akakaa nyuma ya nyumba na sahani yake.

Filbert, aliyekuwa ameondoka mbio bila simu, alirudi asubuhi, akamkuta mkewe anafagia uwanja. Wanasema alikaa chini pale pale kwenye vumbi la mbao. Stanley alikuwa ameshapanda basi kutoka Dar. Alifika na suti nyeusi ya kuazima.

Baada ya Mwaka Mpya ukoo uliitisha kikao, nasi watatu wa benchi tukaitwa kama mashahidi. Tulikaa sebuleni kwa Oktavia. Mama yake alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa bandeji mpaka begani. Angela alishakiri ile sauti ya WhatsApp na kulia na kusamehewa. Yeye ni mtoto, walisema, alisikia yowe akafanya alichofundishwa. Lililobaki ni yowe lenyewe.

"Yowe halichezewi," Mzee Xaveri alisema. Ni mtu mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Watu wameacha biashara zao. Mama yetu ameungua. Nataka kujua tu, nani alilianzisha?"

"Baba, sisi alishatuambia mapema," Esnath akajibu. "Wiki nzima alituambia tukapige yowe huko. Nilimkataza mbele ya hawa. Lilitoka kwenye kikapu chao, na aliyezoea kupiga ni yeye."

Hakusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Esnath, hata leo.

Mzee Xaveri akanigeukia. "Wewe mama ulikuwa naye kikapuni. Ni yeye?"

Oktavia aliniangalia. Hakunikazia macho, wala hakunitisha. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia akitaka nimpitishie nailoni. Angeweza kusema mwenyewe, na hakusema, kwa sababu alidhani nitasema mimi. Niliutazama ule mkono wa bandeji. Nilifikiria jumuiya yetu ya kanisa, nilifikiria watu wa Kifanya wakinionyesha kidole barabarani. Nilimfikiria na mume wangu.

"Sikumbuki vizuri, baba," nikasema. "Upepo ulikuwa mwingi, na injini."

Kisha Oktavia akapiga magoti mbele ya mama yake, akaomba radhi. Akaomba radhi kwa ukoo. Walimtaka aahidi hatapanda tena mabembea, naye akaahidi, akisema hata hivyo gurudumu limeshakatwa. Filbert alitoka nje kabla hajamaliza. Mama mtu peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kwani huko juu kulikuwa na nini.

Tulipotawanyika Oktavia alinisindikiza, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Tulipita kwenye miparachichi yake. Nilikuwa najiandaa. Nilijua ataniuliza kwa nini, na nilikuwa nimeshatunga la kujibu, kuhusu watoto wangu na hofu ya watu. Tulipofika njia panda akasimama.

"Lidia, sikuulizi habari za kikaoni," akasema. "Yale yameshapita. Nataka kujua kitu kimoja tu, na hapa hakuna mtu. Kule juu, ule mzunguko wa nne. Ulifurahi?"

Ningeweza kumpa hilo. Lilikuwa ndilo alilolitaka miaka yote, na nilikuwa nalo, lilikuwa limenijaa mpaka shingoni. Lakini nikikubali kwamba nilifurahi, nimekubali na yowe. Siku ya pili angemweleza Filbert, Filbert angemweleza Mzee Xaveri. Ndivyo nilivyowaza, pale barabarani, mbele ya mtu ambaye alikuwa amepiga magoti kwa ajili yangu nusu saa iliyopita.

"Hapana," nikamwambia. "Niliogopa tu. Nilitaka nishuke tangu mwanzo."

Akafunga vizuri kitenge chake.

"Basi nisamehe," akasema. "Nilidhani umefurahi. Ningejua ninakutesa ningemwambia Enoki asimamishe."

Nikamwambia nimemsamehe.